Mkoromo wa Dume Kubwa

Aliyetunga methali kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji hakufanya utafiti. Kwanza, chura hana haja na ng'ombe. Anayepiga kelele bwawani ni dume, na tangu jua linapozama mpaka koo limkauke hasemi na ng'ombe, hasemi na binadamu, wala hamwombi Mungu mvua kama tulivyodanganywa utotoni. Anaita mke. Naye jike, ambaye methali haikumtaja kabisa, amekaa kwenye majani akiwasikiliza madume chungu nzima kwa pamoja na kuwapanga: huyu sauti nyembamba, bado mtoto, huyu anaanza vizuri lakini pumzi zinamwishia, huyu anaita kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asifunguliwe. Ng'ombe anywe, asinywe, shauri yake.

Hayo aliyajua vizuri kuliko wote mwanamke mmoja ambaye mawifi zake walimwita Bi Chura. Hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mtafiti chuoni, na kazi yake ilikuwa kujua ni kitu gani hasa katika mlio wa dume kinachomfanya jike aseme, huyo huyo, sitaki mwingine. Alipoieleza kazi hiyo kwenye shughuli za ukoo, watu walinyamaza kwa adabu, kisha shangazi mmoja akauliza kama serikali inajua.

Chumba cha majaribio kilikuwa stoo ya viti zamani. Kuta zilibandikwa sponji za magodoro ili sauti isirudi, na sakafuni palitandikwa mpira mweusi uliomwagiwa maji. Huku spika, kule spika, na katikati chujio kubwa la plastiki, lile la jikoni, limefungwa kamba iliyopita kwenye ndoano hadi chumba cha pili. Jike aliwekwa chini ya chujio, spika zikaita kwa zamu, moja kwa sauti nzito, nyingine kwa sauti nyembamba. Bi Chura alivuta kamba, chujio likapanda, halafu akatazama kupitia kioo. Jike aliifuata spika aliyoipenda, akaigusa kwa pua, akakaa pale akingoja ifanye la kufanya. Hakumwona dume yeyote, maana hakuwepo. Alilifuata sanduku jeusi kwa sababu ya sauti yake tu. Bi Chura hakumcheka, kwa kuwa alishawaona wanadamu wakifanya vibaya zaidi.

Naye mwenyewe alikuwa mmojawapo. Zamani, alipokuwa akijifunza kuendesha gari, mwalimu aliyeketi kiti cha pembeni alimwambia, "Kanyaga klachi. Taratibu. Hakuna anayetufukuza." Sauti ile ilitoka chini kabisa, kama pipa linaloviringishwa uani. Akafeli mtihani wa udereva, akaolewa na mwalimu. Miaka baadaye majike wa chura walimthibitishia kwamba hakuwa na kosa. Sauti nzito haiigizwi, hutoka kwenye mwili mkubwa. Mlio mrefu nao ni kazi ngumu inayomaliza nguvu, na dume mgonjwa hauwezi. Kwa ufupi, jike humtaka dume mzito, mwenye pumzi, asiyekatiza njiani.

"Nani asiyemtaka?" aliuliza Fundi Sauti, mwenzake wa chuoni, siku alipoelezwa.

Ubaya ni kwamba sauti ile tamu ya mchana, mwenyewe akilala, iligeuka. Mkoromo wa mwalimu ulianza chini, ukapanda, ukazitikisa glasi kabatini, ukaishia na mluzi mdogo uliopenya kwenye pengo la jino. Na mchana alisinzia popote alipoketi. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, kwa kuwa breki ndiyo iliyokuwa ikimwamsha. Wapya walimsifu kwamba ni mpole, hafokei mtu. Hawakujua kwamba mpole yule amelala.

"Mimi sikoromi," alisema kila alipoambiwa. "Ningekoroma ningesikia."

"Twende hospitali wakuangalie. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Mimi sifichi maradhi, mimi sina maradhi. Mtu mzima anapelekwaje hospitali kwa kosa la kulala?"

Dada yake mkubwa, yaani wifi mtu, alikuwa nyuma yake kama ukuta. "Wifi, kwetu hatukoromi," alisema. "Ukoo wetu watu wa kimya. Baba yetu alifia usingizini, hakuna aliyesikia hata pumzi."

Bi Chura alisikia jambo hilo likisemwa kwa majivuno na hakulitilia maanani, kwani usingizi ulikuwa umemwelemea. Maji yalishamfika shingoni. Siku moja alirudi nyumbani na kinasa sauti cha kazini, akakiweka chini ya kitanda, akalala chumba cha kupigia pasi, pamba masikioni. Alitaka ushahidi. Kinasa kile hakikubali kuhifadhi kitu bila jina, na yeye mkono wake ulishazoea majina ya bwawani: mkoromo, dume dogo, mkoromo, dume la ukingoni. Basi kwa hasira zake akaandika: Mkoromo, dume kubwa. Wenye lugha zao huenda wana neno moja la kitandani na lingine la bwawani. Sisi tumebana matumizi: mtu hukoroma, chura hukoroma, yamekwisha.

Asubuhi mume alikataa kusikiliza. Alikuwa amechelewa na kichwa kinamgonga, kama kila asubuhi. Bi Chura naye alikuwa amechelewa. Wakarushiana maneno mlangoni, ushahidi ukaingia mkobani, mkoba ukaenda chuoni, na usiku uliofuata, na mwingine, akaendelea kulala chumba cha pasi. Alilala kama gogo, ushahidi akausahau.

Aliyeuokota ni Fundi Sauti. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye upara na hedifoni shingoni, aliyeingia chuoni baada ya kuchoka na muziki wa maharusi, na bado aliamini kwamba hakuna kitu duniani kisichohitaji kuongezewa besi. Kazi yake ilikuwa kuzipokea sauti za bwawani, kuondoa upepo na wadudu, kisha kuzitia kwenye kompyuta zikiwa safi. Alipokutana na dume kubwa akaondoa sauti ya feni, akaondoa mbwa wa jirani, akaongeza besi kidogo kwa kushindwa kujizuia, halafu akaufuta mkanda wa kwanza. "Uchafu kwangu haukai," alipenda kusema.

Siku ya majaribio, jike wa kwanza hakungoja chujio liinuke lote. Alipenya chini yake, akaiendea spika ya dume kubwa kwa miruko mirefu. Wa pili naye vivyo hivyo. Palikuwa na jike mmoja mzee aliyekataa madume wote tangu mvua zianze, Fundi akambatiza Mjane. Huyo, aliposikia, aligeuza kichwa, akafikiri, akaondoka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kwenye spika ya pili alikuwa akiita bingwa wa bwawa zima, na hakuna aliyemtupia jicho.

Mkuu wa maabara, Profesa, aliitwa, naye alikuja mbio. Inafaa kumweleza kidogo. Bwawani kuna madume wasioita. Hujikalia kimya ubavuni mwa dume anayejichosha kuita, na jike akija kuifuata sauti, wao humdaka njiani. Profesa alikuwa ameandika sana kuhusu madume hao, na wenzake walikubaliana kwamba alikuwa akiandika kwa uzoefu.

"Dume mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwarekodi," alisema, macho yanang'aa. "Nimegundua aina mpya ya mlio!"

Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshawapigia simu wakubwa wake.

Lakini palikuwa na kitu. Majike wote waliruka kuelekea spika ya dume kubwa, na wote, mahali fulani njiani, walisimama ghafla na kulalia matumbo, wametulia kama mawe. Baadaye wakainuka wakaendelea. Profesa alisema ni uchovu. Bi Chura alijiuliza ni uchovu gani huo unaomkamata kila mmoja kwenye kipande kile kile cha sauti. Akamwomba Fundi hedifoni, akaketi mbele ya kompyuta kusikiliza tangu mwanzo.

Mkoromo ukaanza chini, ukapanda, ukaishia na mluzi.

Akasikiliza wa pili. Mluzi tena. Hakuna chura mwenye pengo la jino. Bi Chura alianza kucheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka akateleza kwenye kiti na hedifoni zikamtoka.

"Kuna nini, dada?" aliuliza Fundi.

"Huyu ni mume wangu."

Fundi aliitazama skrini, akamtazama yeye, akaitazama skrini tena. "Mume wako ni..."

"Ni mtu, Fundi. Ni mtu!"

Wakacheka wote wawili, Fundi akipiga meza. Majike wa watu wamemgombania mwalimu wa udereva! Mjane mwenyewe, aliyewakataa vijana wa bwawani, kumbe alikuwa akingoja mume wa mtu! Bi Chura alijifuta machozi na kurudi kwenye skrini, ambako sauti ilichorwa kama vilima vimepangana mstari, kila mkoromo kilima chake. Mahali fulani vilima vilikoma. Pakawa tambarare tupu, ndefu, kisha kikazuka kilima kimoja kirefu chenye ncha, halafu vile vya kawaida vikaendelea.

"Hapa ndipo ulipokata?" aliuliza, bado anatabasamu.

"Sikukata kitu. Mimi nimeondoa feni na mbwa tu. Hapo alinyamaza mwenyewe."

"Muda wote huu?"

"Si hapo tu. Shuka chini utaona."

Akashuka. Tambarare nyingine. Akashuka tena. Usiku mzima ulikuwa hivyo, vilima na tambarare, na kila tambarare iliishia kwenye kile kilima chenye ncha. Akavaa hedifoni, akasikiliza moja tangu mwanzo. Mkoromo, mluzi, mkoromo, mluzi, kisha hakuna. Si pumzi ya taratibu, hakuna kabisa. Halafu mshindo wa mtu anayevuta hewa kama aliyeopolewa kisimani.

Tabasamu likamkauka. Sasa alijua pia kwa nini majike walilala chini. Bwawani, dume anayekatiza mlio ghafla ameona nyoka, au nyoka amemwona yeye, na jike mwenye akili hajongei mpaka ajue limekwisha vipi. Wale vyura kwenye mpira uliolowa walikuwa wamelisikia lile ambalo yeye, mke wa ndoa, hakulisikia. Alikuwa ameziba masikio asisikie kelele, na kumbe kelele ndiyo iliyokuwa heri. Bi Chura aliogopa. Aliogopa kama mtu anayekumbuka katikati ya safari kwamba ameacha mtoto barabarani.

Alianza na Profesa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Haiwezekani," alisema Profesa. "Nimeshawaambia wakubwa."

"Profesa, ni mume wangu. Mimi ndiye niliyemrekodi."

"Una mkanda wa kwanza?"

"Fundi ameufuta."

"Basi huna ushahidi. Mimi nina majike. Majike wote hawa wakosee, wewe peke yako upatie? Jike wa chura hadanganyiki kwa sauti."

"Mimi pia niliifuata sauti hiyo hiyo, Profesa."

Profesa alisema hayo ni mambo ya nyumbani, na yeye si mshenga. Akaondoka kwenda kupiga simu nyingine.

Jioni Bi Chura alimkuta mume sebuleni, wifi pembeni yake anakunywa chai. Akaweka simu mezani, akawachezea sauti aliyoinakili. Mume alisikiliza kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza injini.

"Hiyo si sauti ya mtu," aliamua. "Umeitoa kazini kwako."

"Nimeitoa chini ya kitanda chako!"

"Imeandikwaje?"

Bi Chura alisita. "Mkoromo, dume kubwa."

"Haya! Umesikia, dada? Mwenyewe ameandika dume. Mimi dume? Mimi ni mwanamume, nina kitambulisho."

"Kaka yangu umemfanya mnyama, wifi," alisema dada mtu kwa huzuni kubwa, na kujiongezea sukari.

"Mbona siku zile ukiitwa dume la mbegu unacheka mpaka gego linaonekana?"

"Hiyo ni sifa. Hii ni rekodi."

Akawaeleza kila kitu, spika, majike, Profesa, na kwa kueleza akajimaliza mwenyewe. Wifi alitaka kujua kama ni kweli vyura wote walimchagua kaka yake, hata yule mjane, akajisikia vizuri kwa niaba ya ukoo. Mume alishika jambo moja tu. Profesa amesema ni chura. Mtu aliyesoma mpaka nywele zikamtoka amesema ni chura, na mkewe anang'ang'ania kwamba ni yeye.

"Unaacha kupumua," Bi Chura alisema. "Usiku unaacha kupumua. Nasema kweli, naogopa."

Mume alimtazama, na kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea. Lakini dada yake alikuwa anatazama. "Ningeacha kupumua ningekufa," alisema. "Nimekufa?" Sikio la kufa halisikii dawa, na la mwalimu wa udereva halisikii hata honi.

Keshokutwa yake, saa za mchana, kengele ya mlango ililia. Alikuwa mwanafunzi wa udereva, mama mmoja mnene mwenye miwani, ameshika funguo za gari kwa vidole viwili. "Samahani, dada," alisema. "Nimemleta Mwalimu. Nilimwita akawa haitiki, nikakumbuka aliwahi kunionyesha kwake." Nyuma yake gari la mafunzo lilikuwa limepanda ukingo wa barabara na kuulaza uzio wa jirani. Mwalimu Breki alikuwa kiti cha pembeni, mkanda umefungwa, mdomo wazi, amelala. Hata uzio haukumwamsha. Bi Chura alimtikisa kwa mikono miwili huku akipiga kelele, na alipofumbua macho, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kata kona taratibu."

Alipoona uzio, alisema mwanafunzi amekosea gia. Lakini jioni hiyo hakula vizuri, na mwenyewe ndiye aliyeanzisha maneno. "Jumamosi nakuja huko kwako," alisema. "Huyo Profesa aniambie usoni. Akisema ni chura, suala limefungwa, na wewe unarudi chumbani bila pamba."

"Na akisema ni wewe?"

"Hatasema."

Jumamosi alifika chuoni na shati lililopigwa pasi, dada yake amevaa viatu vya harusini. Wakapangwa chumba cha pili, mbele ya kioo: mume katikati, wifi kulia, Profesa amesimama mikono nyuma, Fundi kwenye mashine zake. Bi Chura alimweka Mjane chini ya chujio na kurudi kushika kamba.

"Kitaalamu," alisema Profesa bila kuulizwa, "hili ni dume la chura. Kubwa sana."

"Umesikia?" Mume alimgeukia mkewe. "Kitaalamu!"

Bi Chura alikuwa amejiandaa kubishana. Alikuwa na michoro, alikuwa na hoja, alikuwa amekesha akizipanga. Alipoiona ile furaha usoni mwa mumewe aliona kwamba atakuwa anampigia mbuzi gitaa. Huyu hatashindwa kwa hoja, na hoja zikiisha atakwenda nyumbani kulala, na atakapolala ndipo penye hatari. Akaiacha michoro mezani.

"Sawa," alisema. "Ni chura. Nimekubali."

Profesa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa wewe ni mtu mzima," aliendelea, akimtazama mumewe. "Una kifua cha mwalimu, unaelekeza watu garini siku nzima. Hutashindwa na chura. Pumua naye. Akivuta, vuta. Akitoa, toa. Akinyamaza, na wewe bana pumzi mpaka atakapovuta yeye. Ukimweza, nafunga mdomo na maneno ya hospitali hutayasikia tena kwangu."

"Nimweze chura?" Mume alicheka.

"Kaka, usituaibishe," alisema wifi.

Fundi alibonyeza. Mkoromo ukatoka kule ndani na kwenye spika ya ukutani pale walipokaa, chini, juu, mluzi. Mume alivuta na kutoa pamoja nao, akizungusha macho kumchekesha dada yake, akafanikiwa. Bi Chura alivuta kamba, chujio likapanda, Mjane akatoka. Mkoromo, mluzi. Mkoromo, mluzi. Hakuna aliyegundua, isipokuwa mke, kwamba mume hakuwa akijitahidi kuufuata mwendo ule. Kifua chake kilikwenda nao chenyewe.

Kisha spika ikanyamaza.

Kule ndani Mjane alisimama katikati ya miruko na kulalia tumbo. Huku mume alibana pumzi, ameinua kidole gumba. Wifi alikuwa bado anacheka. Kidole gumba kilikaa juu, kikakaa, kikaanza kushuka. Mashavu ya mume yalijaa. Aliikodolea macho spika. Mshipa ukamsimama shingoni. Wifi akaacha kucheka akatazama spika, akamtazama kaka yake, tena spika. Profesa alitoa mikono nyuma. Mume alishika ukingo wa meza, akajikaza, halafu hakuweza: pumzi ikamtoka kwa mlipuko, akavuta nyingine kwa pupa, na nyingine, akihema, jasho linamtiririka kwenye shati la pasi.

Spika ilikuwa kimya bado.

"Imekatika," alisema. "Fundi, mashine yako imekatika."

Fundi alitikisa kichwa akaonyesha skrini. Mstari ulikuwa unaendelea kutambaa, tambarare.

"Bado," alisema Bi Chura. Alikuwa analia bila kujificha.

"Bado nini? Mimi nimeshapumua mara ngapi hapa?" Mume aliinuka. "Mbona havuti? Mwambieni avute!" Aliisogelea spika ya ukutani, akaishika kwa mikono miwili kama anayemshika mtu mabega. "Vuta pumzi, wewe! Vuta!"

Hapo ndipo ulipokuja ule mshindo wa hewa, kwa nguvu hata wifi akaruka kitini. Kisha mkoromo ukaendelea kama kawaida, chini, juu, na mluzi kwenye pengo la jino. Mwalimu Breki alibaki ameishika spika. Ulimi wake ulikwenda wenyewe ukaligusa pengo. Aliposema, ile sauti nzito haikuwemo.

"Hapo nilikuwa nimekufa?"

Profesa aliichukua ile michoro mezani, akaanza kuisoma.

"Sijui," alisema Bi Chura. "Nilikuwa chumba cha pasi."

"Kila siku nakuwa hivi?"

"Kila siku."

Aliiachia spika, akajipangusa uso kwa mkono wa shati, akakaa, akasimama tena. "Hospitali Jumamosi wanafungua?" aliuliza.

Wifi alikuwa ameshafika mlangoni, viatu vya harusini mkononi, analia na kumfokea kaka yake afanye haraka.